Mgongo wa Jumbe Mwinyijuma

Kila Alhamisi, saa mbili asubuhi, Landrova ya Bwana Miti, afisa wa misitu, iliondoka Kwamgunda kwenda kambi ya miche, ng'ambo ya msitu, upande wa Saadani. Ilibeba mapipa mawili ya maji, gunia la unga, barua kama zipo, na abiria wanne au watano ambao dereva amewakubali. Kabla ya kuingia msituni, Msabaha, ndiye dereva, alishuka na kupunguza upepo katika matairi yote manne kwa ncha ya kijiti, kwa sababu tairi laini hupita juu ya jiwe, na tairi gumu hurushwa nalo. Kisha aliweka gia ndogo na kuliacha gari litambae. Njia ilikuwa ya mawe matupu kwa maili tisa, lakini haikuwa njia ngumu. Ashatu alikuwa akipanda na kikapu cha mayai sitini ya kuwauzia watu wa kambi, amekipakata mapajani, na katika mwaka mzima wa 1952 yalivunjika mayai matatu tu. Mawili kati ya hayo aliyakalia mwenyewe.

Alhamisi yake ya kwanza, kwenye maili ya tano, njia inaposhuka katika bonde dogo lililojazwa mawe makubwa, Msabaha alisimamisha gari. Mwanamume aliyekuwa amekaa katikati ya njia juu ya jiwe jeupe alinyanyuka, akajipangusa vumbi, akapanda nyuma. Alikuwa Dadi, mumewe Ashatu, ambaye hakuonekana nyumbani kwa miezi minne.

Alitoa salamu, abiria wakaitikia na kusogea pembeni kumpisha. Upande wake wa kulia, tangu bega hadi kiuno, ulikuwa umebonyea, kwa hiyo hakuchukua nafasi kubwa.

"Umekuja na mayai," Dadi akasema.

"Nimekuja na mayai. Na wewe ulikuwa wapi siku zote hizi?"

"Hapo." Akaonyesha kwa kidevu mahali walipotoka. "Chini ya lile jiwe jeupe na mawe mengine."

Akamweleza, naye Ashatu akasikiliza huku amekishika kikapu. Siku ile walikuwa wanaume watano wakilijaza bonde mawe, kwa amri ya Jumbe Mwinyijuma, maana Bwana Miti alikuwa anakuja kesho yake kuikagua njia. Alasiri jiwe jeupe liliponyoka kwenye mitaimbo likamwangukia Dadi, likabingirika naye mpaka chini. Wenzake walitaka kulinyanyua. Jumbe alitazama jua, akasema kulinyanyua ni kazi ya siku nzima, na bonde bado halijajaa. Akawaamuru waendelee kupanga mawe. Waliendelea, kwa sababu Jumbe ndiye aliyetoa vibali vya kukata boriti na kulima kando ya msitu, na hakuna mtu Kwamgunda aliyeweza kuishi bila kimojawapo. Magharibi njia ilikuwa tayari. Bwana Miti alipita kesho yake akasema ni njia nzuri.

"Jumbe amewaambia watu umekimbilia Tanga kukata mkonge," Ashatu akasema.

Dadi alifikiri kidogo. "Tanga sijafika hata siku moja," akasema. "Nasikia kuna reli."

Mawe yalipokwisha na njia kuwa mchanga, Dadi aliaga akashuka. Hakuweza kwenda mbele zaidi ya hapo. Ashatu aliuza mayai yake, na walipokuwa wakirudi alasiri Dadi alipanda tena, akawasindikiza mpaka mwisho wa msitu upande wa nyumbani. Alikuwa na ombi moja tu. Alitaka kuoshwa.

Alhamisi iliyofuata Ashatu alikuja na birika la maji, kipande cha sabuni na kitambaa cheupe kipya. Msabaha alizima gari akageuza uso, na abiria nao wakageuza. Ashatu alimmiminia mumewe maji kuanzia kichwani. Maji yalipita bila kumlowesha, yakaangukia mawe, na mawe ndiyo yaliyolowa. Akammiminia tena. Sabuni ilitoa povu juu ya jiwe jeupe. Vumbi la chokaa kwenye nywele za Dadi lilibaki kama lilivyokuwa.

"Basi," Dadi akasema. "Mpaka waniondolee haya mawe."

Ndipo Ashatu akaenda barazani kwa Jumbe. Alikuwa mwanamke asiyesema sana, na siku ile alikuwa amevaa buibui la mamake. Jumbe Mwinyijuma alikaa kwenye kiti chake chenye mikono, karani mbele yake na daftari, na Mwalimu Ausi wa msikitini kuumeni kwake. Watu walijaa hadi ukumbini.

"Shikamoo, Jumbe."

"Marahaba, mwanangu. Sema haja yako."

"Naomba mawe ya bondeni yanyanyuliwe. Mume wangu yuko chini yake. Nataka aoshwe, avikwe sanda, asaliwe, azikwe. Nami nikae eda yangu."

"Mumeo alikimbilia Tanga."

"Mume wangu hupanda gari kila Alhamisi. Muulize Msabaha."

Msabaha aliulizwa. Alikuwa mtu wa Bagamoyo mjini, na alijibu kama mtu wa mjini, kwa maneno machache na kofia mkononi.

"Huyo Dadi anapanda gari?" Jumbe akauliza.

"Anapanda."

"Anasalimia watu?"

"Anasalimia. Ana adabu kushinda wengi wanaopanda."

"Basi yu hai," Jumbe akasema. "Maiti haipandi gari."

Watu wawili watatu walicheka, wakanyamaza.

"Mwenyewe anasema amekufa," Ashatu akasema.

"Kama amekufa, ushahidi wake haupokelewi hapa. Ukipokelewa, basi hajafa, na mke wa mtu aliye hai hakai eda. Mwalimu, ninakosea?"

Mwalimu Ausi alitazama mkeka. "Kwa hayo maneno yalivyopangwa," akasema, "hukukosea."

Karani akaandika kwamba Dadi bin Kulwa alikwenda Tanga kwa hiari yake na mara kwa mara huonekana njiani. Jumbe alisimama, ili kila mtu amsikie, akasema tena, "Alikwenda Tanga." Kati ya watu waliosimama ukumbini walikuwemo wanaume wanne waliopanga yale mawe. Mmoja wao alikuwa Kibwana, mpwa wake Jumbe. Alikuwa akiangalia vidole vya miguu yake.

Alhamisi iliyofuata, yapata saa tatu asubuhi, Jumbe Mwinyijuma alikuwa barazani akinywa kahawa. Alikiweka kikombe chini, akajinyoosha, akapeleka mkono mgongoni. Jioni mkewe, Bi Mwanamvua, alipomletea maji ya kuoga aliona mistari miwili iliyotoka mabegani ikashuka mpaka kiunoni, mipana kama kiganja, yenye alama za meno ya tairi. Katika mstari wa kushoto, kila baada ya shubiri kadhaa, palikuwa na jino moja pungufu. Tairi la nyuma la kushoto la Landrova ya Bwana Miti lilinyofoka jino mwezi wa Ramadhani, kwenye bonde lile lile, na kila mtu alilijua kwa alama yake kwenye vumbi.

Jumbe alisema ni upele. Bi Mwanamvua akampaka mafuta ya nazi. Kisimani wanawake walimwuliza kama upele umepungua, akajibu kwamba hupungua Ijumaa, Jumatano huwa haupo kabisa, na Alhamisi hurudi, mara moja asubuhi na mara moja alasiri.

"Upele unaofuata safari za gari," akasema mmoja, akijitwisha mtungi. "Mumeo angeuombea likizo kwa Bwana Miti."

Ashatu alikuwapo. Alijaza mtungi wake, akaufikisha nyumbani, akaketi kizingitini akiwaza. Alhamisi iliyofuata, gari lilipokwisha kuwarudisha Kwamgunda, alibaki amesimama karibu na mlango wa dereva.

"Msabaha, kaka yangu. Nimesahau kifuniko cha chungu kambini."

Msabaha alimtazama, akalitazama jua. "Kifuniko cha chungu."

"Ndiyo kifuniko pekee nilicho nacho."

"Maili tisa za mawe kwenda, tisa kurudi."

"Nimekupikia mihogo kwa nazi na papa."

Walikwenda, wakarudi. Juma lililofuata alisahau upawa. Juma la tatu alisahau kanga, baadaye kikapu chenyewe, kisha mwanawe Mosi, aliyekuwa na miaka sita, akaachwa kambini makusudi na mpishi wa kambi akampa chai. Kwa hesabu ya kisimani, upele wa Jumbe ulikuwa umeanza kudumu mpaka Jumapili.

Msabaha hakulalamika, lakini mwezi ulipokwisha alisimamisha gari katikati ya msitu akahamia kiti cha abiria.

"Mama Mosi," akasema, "miguu yangu imechoka na vifuniko vyako. Njoo ushike mwenyewe. Njia hii haina taabu, hata mbuzi angeiendesha. Usilikimbize gari, usiligombeze. Liache lichague jiwe."

Basi Ashatu akajifunza kuendesha Landrova. Kwenda mbele alijifunza kwa siku mbili, kurudi nyuma kwa wiki mbili. Dadi aliketi kwenye ukingo wa bonde akimwelekeza kwa mkono.

"Kulia kidogo. Kidogo, nimesema. Polepole na klachi, mke wangu, hutwangi kisamvu."

"Ulikuwa hivi hivi nilipokuwa nasonga ugali," Ashatu akasema. "Unasimamia tu."

Alipokwisha kupita juu ya jiwe jeupe mara ya kwanza kwa mkono wake mwenyewe, alisimamisha gari akateremka.

"Inakuumiza?"

"Mimi? Hapana. Uzito hauko kwangu tena."

"Uko wapi?"

"Unajua uliko, ndiyo maana umejifunza kuendesha." Dadi aliokota kipande cha tawi, akakitazama kikimpenya mkononi na kuanguka. "Mama Mosi, mtu yule atakufa."

"Aseme kabla hajafa," Ashatu akasema. Akarudi kwenye usukani.

Mwezi wa Agosti Bwana Miti alikwenda Dar es Salaam kwa majuma mawili. Jumatatu asubuhi Msabaha alimwachia Ashatu ufunguo akatandika gunia lake chini ya kivuli cha mti. Ashatu alikuwa na tasbihi. Hakumlilia mumewe siku tatu za matanga, wala hakumfanyia arobaini, maana hakuna matanga ya mtu aliyekwenda Tanga. Alikwenda mbele, akarudi nyuma. Kila alipolivuka jiwe jeupe alisogeza punje moja. Gari lilipanda na kushuka taratibu, kama mtu anayebembeleza mtoto, wala halikuruka hata mara moja. Mosi alikaa kiti cha pili, akasinzia. Adhuhuri Ashatu alisali pembezoni mwa njia, akala kiporo, akaendelea. Alasiri punje zilifika arobaini. Akazima gari.

"Umeendesha vizuri leo," Dadi akamwambia.

Kesho yake Bi Mwanamvua alikuja mwenyewe kumwita. Jumbe Mwinyijuma alikuwa amelala kifudifudi kwenye kitanda cha kamba, shuka limeshushwa kiunoni. Mgongo ulikuwa hauna tena mahali patupu. Alama zilipandana na kupishana kama ukili wa mkeka, na ndani ya mifereji yake palikuwa na mchanga mwekundu wa msituni, ambao Bi Mwanamvua alikuwa akiutoa kwa pamba na maji ya uvuguvugu.

"Shikamoo, Jumbe," Ashatu akasema.

"Marahaba. Kaa." Sauti yake ilipita kwenye mto. "Unataka nini kwangu?"

"Useme."

"Nitakuambia neno jema zaidi ya hilo. Mwalimu atakuvunjia ndoa. Mume aliyekukimbia, hana matumizi, hana barua. Utakuwa huru, utaolewa na mtu mwenye nyumba ya bati. Kibali cha shamba nitakupa mimi."

"Sikukimbiwa. Nimefiwa."

Nje mtu alikuwa akichanja kuni.

"Nikisema," Jumbe akasema, "kesho mimi ni nani Kwamgunda?"

"Utakuwa mtu aliyesema."

"Hicho si cheo."

Ashatu alisimama. Kutoka pale aliiona mifupa ya mbavu, namna ilivyokaa chini ya zile alama, haikunyooka tena, imejipanga vibaya kama mawe yaliyowekwa kwa haraka. Aliona kwamba mzee alikuwa akitetemeka kwa baridi, na shuka lilikuwa mbali na mkono wake. Akainama akalivuta, akamfunika mpaka mabegani, taratibu, asimkwaruze. Bi Mwanamvua alimshukuru.

Asubuhi iliyofuata akarudi njiani.

Jumbe Mwinyijuma alifariki siku ya tisa, Jumatano, bila kusema. Mwalimu Ausi alimwosha pamoja na wanaume wawili. Josho lilichukua tangu baada ya sala ya asubuhi mpaka karibu na adhuhuri, na mara tatu waliomba maji mengine na mara moja waliomba ufagio mdogo. Mchanga waliouosha ulijaza ungo. Walipotoka, nyuso zao zilikuwa za kawaida. Aliyemwosha maiti huficha alichokiona, ndiyo sheria, na wote watatu waliishika.

Ashatu alimngoja Mwalimu Ausi nyuma ya nyumba.

"Umeona nini, Mwalimu?"

"Nimeona maiti ya Mwislamu. Imeoshwa."

"Ile alama ya jino pungufu, umeiona?"

"Mwanangu," Mwalimu Ausi akasema, "nikiyasema ya maiti, na ya kwangu yatasemwa." Akateremsha mikono ya kanzu yake, iliyokuwa bado imelowa.

Ndani, wanawake walikuwa wakimwandalia Bi Mwanamvua chumba cha eda. Palitakiwa pazia mlangoni. Ashatu alikuwa mrefu kuliko wote waliokuwapo, kwa hiyo alipewa yeye nyundo na misumari minne. Akapanda kinu kilichopinduliwa, akalipigilia pazia jeupe la mjane, akalivuta liwe sawa. Miezi minne na siku kumi. Bi Mwanamvua aliingia nyuma yake akaketi, na Ashatu akamwona mara ya mwisho kupitia upenyo, akiwa amejikunja na amefunikwa vizuri, akilia kwa uhuru wake wote.

Jumbe alikuwa ameusia azikwe kwao, upande wa Saadani, karibu na mamake. Wanawake hawafuati jeneza, kwa hiyo Ashatu hakwenda. Yaliyotokea aliyasikia kwa Dadi Alhamisi ya juma lililofuata.

"Gari lilikwenda polepole na watu kwa miguu, wengine mbele, wengine nyuma," Dadi akasema. "Lilipofika bondeni Msabaha akasimamisha, kama kawaida yake. Nikaona jeneza limelala juu ya gari linayumba, hakuna bega. Nikapanda, nikalishika."

"Ulilishika wewe?"

"Jeneza likipita, mtu hutia bega. Hukuniona siku zote nikitia bega?"

"Na watu?"

"Hakuna aliyenikataza. Kibwana alikuwa upande wa pili, bega lake na langu. Nililibeba mpaka mawe yakaisha, nikashuka. Lilikuwa zito," Dadi akasema. "Lilikuwa zito kwa mtu mmoja."

Ashatu aligeuza uso akatazama miti.

Mwezi wa Oktoba Kibwana alipewa kiti cha mjomba wake. Bwana Miti alileta ubao uliopakwa rangi, ukapigiliwa kwenye mti mwanzoni mwa msitu, umeandikwa Njia ya Mwinyijuma. Baraza la kwanza la Kibwana lilikuwa siku ya Alhamisi. Ashatu alimwachia Mosi kikapu cha mayai apande nacho gari, akampeleka mpaka kwa Msabaha, kisha akaja barazani mapema, akakaa mstari wa mbele.

"Jumbe mpya," akasema zamu yake ilipofika, "hongera kwa kiti. Haja yangu ni ile ya zamani. Nataka mawe yanyanyuliwe, mume wangu aoshwe azikwe, nami nikae eda."

Kibwana alimwashiria karani, karani akafungua daftari. "Imeandikwa hapa kwamba alikwenda Tanga," Kibwana akasema.

"Sikukuuliza kilichoandikwa. Wewe ulikuwapo. Ulishika mtaimbo."

Kibwana alimtazama Mwalimu Ausi, na Mwalimu Ausi akautazama mkeka. Aliwatazama wenzake watatu wa mitaimbo, waliokuwa wamekaa pamoja karibu na mlango. Akaitazama mikono ya kiti, aliyokuwa ameishika.

"Alikwenda Tanga," akasema.

"Nimesikia," Ashatu akasema.

Hakuondoka. Saa ya ukutani ilionyesha saa tatu kasoro dakika kumi. Alisogea kidogo kuwapisha wenye shauri la mbuzi aliyekula mpunga, wakasema yao, wakajibizana. Saa tatu na dakika chache Kibwana aliacha neno katikati. Alinyooka kitini kama mtu aliyemwagiwa maji ya kisima kwenye ukosi, akaleta mkono nyuma, chini ya kanzu yake mpya. Wale watatu karibu na mlango walimwona. Mmoja wao alianza kujipapasa mgongo wake mwenyewe, taratibu, kuona kama bado ni mtupu.

Ashatu alinyanyuka, akakung'uta buibui, akaaga kwa adabu zote. Alipita sokoni akanunua nazi mbili na kipande kizuri cha papa, kwa ajili ya Msabaha. Kisha akakaa kivulini kando ya njia kungoja gari lirudi, maana alikuwa amekumbuka kwamba kuna kifuniko amekisahau kambini.